Wabebaji wa Nkanka

Mwanangu alipotimiza miaka tisa alikuwa na kilo 22, na mgongo wangu ulikuwa umeanza kugoma. Wazazi wenye watoto wa mtindio wa ubongo wanaielewa hesabu hiyo bila kuelezwa. Watoto wengine hushuka mbelekoni wakiwa na miaka miwili au mitatu, wakaanza kukupotea sokoni. Wangu hakushuka. Alirefuka humohumo ndani ya kanga, miguu ikaning'inia hadi magotini kwangu, na kila mwaka nilipunguza umbali wa safari zetu. Kutoka Nyamanoro hadi kliniki niliweza. Kutoka Mwanza hadi Cyangugu, kwa babu yake, niliahirisha tu.

Babu mwenyewe ndiye aliyenifanya nisiahirishe tena. Alimpigia mwanawe, mume wangu, simu akasema macho yanafifia, na angependa kumwona mjukuu wake kabla hayajafunga kabisa. Mume wangu anauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na Julai ile ya 2018 wanunuzi wa Rwanda na Kongo walikuwa wamejaa, hakuweza kuondoka. Nikafunga mizigo mwenyewe: nepi, dawa za kifafa, unga wa uji, chupa ya maji ya moto, kanga za kutosha. Kila niliyemuuliza njia alinitajia mabasi. Lipo la kufika mpakani Rusumo, lipo la Rusumo hadi Kigali, lipo la Kigali hadi Kamembe. Kipande nilichokuwa nakiogopa hakuna aliyekijua, yaani kutoka basi la mwisho hadi mlangoni kwa mzee, huko Nkanka, ambako mume wangu alisema gari huishia juu na nyumba ziko chini.

Nieleze kidogo habari ya mwili wake, maana safari yote ilining'inia hapo. Alipozaliwa alichelewa kulia. Ubongo ulikosa hewa, na sehemu iliyoumia ni ile inayoamuru misuli. Anaelewa mambo, anacheka utani kabla ya wenzake, lakini maneno hayamtoki vizuri na misuli yake hukaza yenyewe. Akishtuka, mlango ukijibamiza au akinyanyuliwa ghafla, mgongo hupinda kwenda nyuma, miguu hunyooka na kupishana. Mtu asiyejua akimshika makwapani na kumvuta, anamkaza zaidi. Anayejua humkunja kwanza: magoti yaje juu, mapaja yaachane, kichwa kiinamishwe mbele kidogo. Hapo mwili hulegea na unabebeka. Nilifundishwa hayo na mtaalamu wa mazoezi ya viungo mtoto akiwa mchanga, na tangu hapo sikuwahi kukutana barabarani na mtu mwingine aliyeyajua.

Watu niliowazoea ni wengine. Wapo wanaohama kiti kwa kudhani kifafa kinaambukiza kwa mate. Wapo wanaoniambia Mungu humpa mtu mzigo anaouweza. Kwenye stendi moja mtu alimwekea mwanangu sarafu mapajani akaondoka haraka, hata salamu hakumpa. Wahenga wamesema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwa miaka mingi sikuwa na sababu ya kuwabishia. Wengi wa watu hao wana moyo mzuri, hilo nalijua. Lakini huruma yao haijawahi kunipandisha ngazi hata moja.

Rusumo ndipo mambo yalipoanza kwenda tofauti. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Sisi Tanzania tulikuwa bado, marufuku yetu ilikuja Juni 2019. Nepi zangu zote zilikuwa kwenye rambo mbili nyeusi. Mkaguzi, binti mdogo tu, alinionyesha kwa mkono kwamba mifuko ile haipiti. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu, na nepi za mtoto wa miaka tisa si kitu ambacho mzazi angependa kukimwaga mezani mbele ya watu. Yule binti akaziangalia, akamwangalia mwanangu, akaizunguka meza na kuja kusimama kati yangu na foleni, akiwapa watu mgongo. Akatoa mfuko wa kaki. Tukazihamisha moja moja, yeye akizikunja ili zienee. Rambo alizichukua zote mbili, sheria ni sheria. Kisha akamshika mwanangu kidole, akamwambia neno la Kinyarwanda ambalo sikulielewa, na mwanangu akacheka.

Kigali niliipita kwa ishara na kwa maneno machache niliyofundishwa na mume wangu. Kiswahili kilikuwa kimefanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka mmoja nyuma, 2017, lakini wengi niliowauliza njia hawakukijua bado. Mambo yalibadilika palepale stendi ya Nyabugogo, kwenye foleni ya basi la Kamembe. Ghafla nikawa nasikia Kiswahili kila upande, kile cha Bukavu kinachosema mutoto na mutu. Kamembe ndio mji wa biashara wa wilaya ya Rusizi; ukiteremka kidogo uko Cyangugu, mji mkongwe wa ziwani, na ukivuka mto Rusizi uko Bukavu. Watu wa huko wanavuka kila siku, wanauziana, wanaoana, na lugha wanayokutania ni Kiswahili.

Nilipata viti viwili, cha kwangu na cha mtoto, kwa maana nililipa nauli mbili. Pembeni yetu, dirishani, alikaa mama wa makamo mwenye vitenge viwili na begi la bidhaa miguuni. Nilijiandaa kwa swali ninaloulizwa kila mahali: ana nini huyu? Basi lilipoanza kutembea, akageuka.

"Mama, mutoto anapenda kuangalia upande gani?"

Sikuwahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote. Nikajibu kwamba shingo yake huelekea kushoto, kwa hiyo angefurahi dirisha likiwa kushoto. Mama yule akainuka, basi likiwa mwendoni, akanipisha dirisha lake. Tulipomweka mtoto pale miguu ikakaza na kugonga kiti cha mbele. Akaichukua miguu ile, akaikunja magoti, akaiweka mapajani mwake kana kwamba ndiyo nafasi yake ya siku zote, halafu akafungua kitenge kimoja na kutuzungushia sisi wote watatu ili kona zisimtupe mtoto. Nikamuuliza amejifunzia wapi. Akasema mtoto wa dada yake alikuwa hivyohivyo, na yeye ndiye aliyekuwa akimbeba kumpeleka kituoni, Bukavu. Hakuongeza neno, nami sikumchimba.

Ni yeye aliyenionyesha upande wa Gatagara tulipokaribia Nyanza. Jina hilo nililijua kwa kusoma. Padri mmoja Mbelgiji, Joseph Fraipont, aliyejulikana pia kwa jina la Kinyarwanda la Ndagijimana, alianzisha pale mwaka 1960 makao ya watoto wenye ulemavu, wakati polio ikiwaacha watoto wengi wakitambaa na familia nyingi zikiwaficha ndani. Aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1982. Leo Gatagara kuna shule, kuna hospitali ya mifupa na viungo, kuna karakana ya miguu ya bandia, viatu maalumu na magongo. Kinachonigusa katika habari za mgeni yule ni karakana. Wangapi wamewaonea huruma watoto wale wakaishia hapo? Yeye aliona mguu uliopinda unahitaji fundi wa kuushughulikia, akatafuta mafundi, na wao wakafundisha wengine. Ndiyo maana kazi haikufa naye.

Baada ya Huye na Nyamagabe tulipanda hadi Kitabi, penye mashamba ya chai, na hapo msitu wa Nyungwe ukatumeza. Ni msitu wa milimani, mkubwa, wenye baridi hata mchana. Mwaka 2023 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Barabara inapinda bila kupumzika. Mtoto asiyeweza kujishikilia huumizwa na kona kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu tumbo na shingo vyote vinatupwa pamoja. Alitapika. Nilikuwa na kanga ya kufutia, lakini mikono yangu ilikuwa miwili tu na yote imemshikilia yeye. Kijana wa kiti cha nyuma akapitisha chupa yake ya maji. Mwingine akafungua dirisha la kwake. Dereva, ambaye sikujua kama ameona, akasimamisha gari palipo na nafasi pembeni, akazima injini, akasema kwa Kinyarwanda jambo fupi na watu wakashuka kunyoosha miguu. Hakuna aliyenung'unika. Yule mama akamkalisha mwanangu wima, kidevu chini, ili akitapika tena asipaliwe. Huo nao ni ujuzi: ukimlaza chali umemuua.

Wakati tumesimama, mbega walipita juu ya miti, weusi, manyoya marefu meupe mabegani, wengi sana. Katika Nyungwe hutembea kwa makundi ya mamia. Mwanangu aliwaona kabla yetu, akapiga ile sauti yake ya furaha, na abiria waliokuwa nje wakageuka kuangalia anakoangalia yeye. Palepale mzee mmoja akanieleza habari ya maji. Mvua inayonyesha mashariki mwa mgongo ule, akasema, inashuka hadi Nyabarongo, inaingia Akagera, inapita Rusumo na kuishia katika Ziwa Viktoria. Inayonyesha magharibi inashuka kwenda Kivu na mto Rusizi, inaingia Tanganyika na mwishowe mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Maji tunayochota Mwanza, kumbe mengine yametoka katika miti ile. Nikampa mwanangu maneno hayo sikioni, naye akasikiliza.

Tukatoka msituni Gisakura, chai tena pande zote, na ziwa Kivu likaanza kuonekana vipande vipande kati ya vilima. Kamembe tulifika jua likikaribia kuzama.

Hapa ndipo palipokuwa na hofu yangu. Nchini Rwanda pikipiki hubeba abiria mmoja tu, na lazima avae helmeti. Ni sheria nzuri, imeokoa vichwa vingi, lakini mimi na mwanangu hatuwezi kuwa abiria mmoja, na yeye hawezi kukaa peke yake. Madereva kadhaa wenye vizibao walituzunguka. Yule mama wa basini alikuwa anatakiwa kuwahi Rusizi ya Kwanza, kivuko cha kwenda Bukavu, kabla mpaka haujafungwa, na kila dakika aliyokaa nasi ilikuwa inampunguzia nafasi ya kwenda kulala kwake. Hakuondoka. Aliweka begi lake chini, akawaeleza: mtoto huyu anaenda Nkanka kwa mzee fulani, hakai, habebwi kwa pikipiki, na kushuka kule ni miguu.

Dereva mmoja kijana akafikiri kidogo. "Wawili siwezi, mama. Polisi. Lakini muzigo naweza. Tena natangulia, naita watu wa ingobyi."

Sikujua watu wa ingobyi ni akina nani. Akanitajia bei ya kubeba mabegi, faranga elfu moja. Nikamtazama mama wa Bukavu, naye akatikisa kichwa kukubali: ndiyo bei ya kila mtu. Nataka nilisimulie hili kwa uzito wake. Yule kijana angeweza kusema chukua bure, na mimi ningeondoka pale nikiwa mama wa kuhurumiwa. Alinidai kama anavyomdai muuza mihogo, akatoa chenji, akafunga mabegi kwa mpira, na wema wake wote akauweka katika kutangulia na kuita watu. Nilijisikia abiria.

Taksi ndogo ikatuchukua sisi wawili hadi barabara ilipoishia. Yule mama akaondoka akikimbia. Kesho yake alinipigia simu: mpaka alivuka akiwa miongoni mwa watu wa mwisho, na mutoto amelalaje?

Mwisho wa barabara tulikuta wanaume sita na tochi. Wamebeba machela ya kusukwa kwa mianzi na matete, yenye kina ili mtu asidondoke, na miti miwili mirefu imepita pembeni. Ndiyo ingobyi. Kwa vizazi vingi watu wa milima hii wamebebana hivyo: mgonjwa, mjamzito aliyeshikwa na uchungu, mzee aliyevunjika. Sasa wilaya zina magari ya wagonjwa na barabara zimeongezeka, kwa hiyo ingobyi haitoki kila wiki kama zamani. Lakini gari halishuki njia ya mbuzi, na Nkanka ni rasi yenye miteremko mingi hadi ziwani. Pale wanne hubeba na wawili hufuata kupokezana.

Kiongozi wao alikuwa mtu wa umri wa baba yangu mdogo, gambuti miguuni, Kiswahili chake cha wavuvi. Hakumgusa mtoto. Alinisalimu, akamsalimu yeye, halafu akauliza:

"Anashtuka?"

"Anashtuka sana, baba. Akinyanyuliwa ghafla anakaza mwili wote."

"Basi tutamhesabia."

Wakatandika mkeka ndani ya machela, juu yake blanketi. Nilipoeleza habari ya magoti, mmoja akavua koti lake, akalikunja na kuliweka pale magoti yatakapokuja, ili miguu ibaki imekunjika. Tukamlaza ubavu wa kushoto. Wakachuchumaa, kila mmoja na ncha ya mti wake. Kiongozi akasema kwa sauti ya kawaida, akimtazama mtoto usoni: moja, mbili, tatu. Wakainuka pamoja, taratibu, na mwanangu hakukaza. Sijui nitawaelezaje wasomaji ambao hawajawahi kumbeba mtoto wa namna hii jinsi jambo hilo lilivyo kubwa. Alinyanyuliwa na watu asiowajua, gizani, katika nchi ngeni, na mwili wake ukakubali.

Njia ilikuwa nyembamba, kulia migomba, kushoto bonde. Wabebaji walipokezana bila kusimama: anayefuata anaingiza bega chini ya mti nyuma ya bega la mwenzake, anasema neno, anayetoka anachomoka, na machela haitikisiki. Kwenye miteremko mikali walio mbele waliinua miti hadi juu ya vichwa na walio nyuma wakaishusha hadi mikononi, ili mtoto abaki amelala sawa. Walisimama kupumzika kila penye uwanja. Na kila walipotaka kuinua tena walihesabu kwa Kiswahili, hata wale ambao Kiswahili chao chote kilikuwa hizo namba tatu, kwa sababu waliona mtoto anazifahamu. Tulipopumzika mara nyingine kiongozi akasema moja, mbili, akameza mate kabla ya kuendelea, na kutoka ndani ya machela mwanangu akatoa sauti. Haikuwa tatu ya kusikika vizuri, lakini ilikuwa mahali pa tatu. Wanaume wale wakacheka, wakainuka. Tangu hapo hawakuinua tena mpaka aseme yeye. Wakati mwingine alichelewa makusudi, nami nikasikia kicheko chake kikianza humo ndani, nao wakangoja wamechuchumaa na miti mabegani mpaka alipoamua.

Nikamuuliza kiongozi wamekuwa wakifanya kazi hii tangu lini. Akasema yeye alianza akiwa kijana na hakuna siku anayoikumbuka kama ile ya tetemeko. Hiyo ilikuwa Jumapili, 3 Februari 2008, asubuhi watu wakiwa makanisani. Ardhi ilitikisika Rusizi na Bukavu, nyumba zikaanguka na watu wengi wakafa au kuumia. Siku ile, alisema, walibeba mpaka mabega yakatoka damu, na usiku wakaendelea.

Tulipofika uani nilitoa pesa nilizokuwa nimeziandaa. Kiongozi akazirudisha mkononi mwangu, akanieleza bila kiburi kwamba hazinihusu. Kila nyumba ya kilima kile imo katika chama cha ingobyi: inachangia, inatoa mtu wa kubeba zamu ikifika, na asiyefika bila sababu hutozwa faini. Mzee wangu amebeba wenzake tangu ujana wake mpaka miguu ilipochoka, na akachanga baada ya hapo. "Huyu ni mujukuu wake," akasema. "Ana haki yake hapa."

Nimelitafakari jibu hilo sana tangu siku hiyo. Nilidhani nimefanyiwa hisani, kumbe mwanangu alikuwa analipwa deni na watu waliokuwa wageni kwangu mimi tu. Vyama vya aina hii vipo pia Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, wanakoviita engozi. Hospitali ya Kisiizi ilipoanzisha bima ya afya mwaka 1996 ilijenga juu ya vyama hivyohivyo, kwa kuwa watu walishazoea kuchangia kabla ya kuugua. Rwanda nayo ina bima yake ya jamii, mituweli, ambayo kaya nyingi zinaichangia. Naona vyote vimetoka katika akili moja: usingoje kumhurumia mtu akiwa ameanguka, panga mapema nani atamwinua na kwa mkono gani. Serikali na mashirika wanaotuletea semina za kubadili mtazamo kuhusu ulemavu wangefanya vizuri kwenda Nkanka kuangalia wanaume sita wakishuka mlima.

Baba mkwe alikuwa amekaa mlangoni, amevaa koti la kanisani. Alimpapasa mjukuu uso, masikio, mikono, akaifungua ngumi iliyokaza kidole kimoja kimoja. Usiku ule alitaka kumlisha mwenyewe. Nikamwonyesha: kijiko kitoke mbele na chini, kisitoke juu, maana akiinua kichwa kutafuta kijiko koo linafunguka vibaya na chakula huenda njia ya hewa. Mzee asiyeona vizuri alijifunza haraka, labda kwa sababu alisikiliza pumzi ya mtoto mahali ambapo sisi wengine tunaangalia mdomo. Walikula sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, waliopondwa kwenye mchuzi na ugali laini. Mimi mtu wa dagaa niliwaonja kwa makini. Mzee akasema alipokuwa mtoto hawakuwapo ziwani. Kweli, walitolewa Tanganyika na kupandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wavuvi wa Nkanka na kisiwa cha Nkombo wanaishi kwa samaki hao.

Kiongozi wa wabebaji alirudi siku zilizofuata, mara ameleta ndizi, mara amekuja tu. Ni yeye aliyesema mtoto huyu anastahili kukaa, si kulala siku nzima, na kwamba kuna seremala Kamembe anayesikiliza. Alisema hivyo hasa: anayesikiliza. Tukapanda tena, ingobyi na hesabu yake, tukaenda.

Seremala hakuwahi kutengeneza kiti cha mtoto mwenye mtindio. Nilimchorea kwa mkaa kwenye ubao nilichokumbuka kutoka kliniki: mgongo ulionyooka, kiti chenye pembe ya kuifanya nyonga ikunjike, kipande cha mbao katikati ya mapaja ili yasipishane, pa kukanyagia, na meza ndogo mbele ya kuegemeza viwiko. Akachukua uzi, kwa kuwa chuma cha futi ni baridi na mtoto angeshtuka. Akapima kutoka nyonga hadi nyuma ya goti, akafunga fundo. Kutoka goti hadi kisigino, fundo jingine. Upana wa nyonga, kimo cha kwapa. Uzi mzima ukawa na mafundo, akautundika msumarini, akasema tuje baada ya soko.

Tuliporudi kiti kilikuwa tayari, kimepigwa msasa hadi chini ya kiti, mahali asipoona mtu. Tukamkalisha. Mgongo ukakaa, miguu ikaachana, kichwa kikasimama. Lakini meza ilikuwa juu kidogo, mabega yakapanda masikioni. Nikafungua mdomo kusema. Seremala akaninyooshea kiganja, akainama usawa wa macho ya mwanangu.

"Iko juu?"

Mwanangu akavuta pumzi, akatafuta sauti, akaipata. Seremala akang'oa misumari, akashusha meza, akauliza tena. Bado. Akaing'oa tena. Mara hii viwiko vikatua, na mkono wa kulia, ule mbaya, ukafunguka juu ya mbao na kuanza kuipapasa.

Akanitajia bei: mbao, misumari na siku moja ya kazi. Nilijaribu kuomba apunguze, kama ningefanya kwa fundi yeyote Mwanza, tukavutana kidogo tukafikia elfu saba. Mjini Kamembe asubuhi ya kurudi, kondakta wa basi la Kigali alikiinua kiti kwa mkono mmoja, akakadiria uzito, akauliza ni cha nani. Nikamwonyesha mwenyewe. Akakipakia nyuma mahali ambapo magunia yasingekilalia, akaandika risiti ya mzigo, na akampa mwanangu aishike.